Uvira: plani ya viwanja iko, ruhusa ya kujenga iko wapi?

Bei ya zahabu ikipanda, Uvira inajengwa. Kila mwenye kuuza sima na manjanja hapa mjini anajua hivyo. Feza inatoka Misisi, inatoka Kamituga na Lugushwa, inashuka na mtu ao inapita kwa simu, na ikifika hapa inageuka matofali. Baba anabaki shimoni. Mama njo anazunguka kutafuta parseli. Na miaka hii parseli anayoonyeshwa haiko tena katikati ya mji, sababu mji ulijaa zamani: huku mlima, huku ziwa. Anapelekwa kaskazini, upande wa Kavimvira, kwenye uwanda wa Ruzizi na njia ya Kiliba. Ao kusini, njia ya Baraka. Huko anaambiwa: "Mama, hapa si sawa kule juu ya mlima. Hapa ni lotissement. Avenyu zilipimwa, kila parseli iko na numero. Plani iko."

Maneno hayo mawili, "plani iko", yanauzwa kwa bei nzuri. Parseli yenye numero inalipwa kuliko ile isiyo na numero, na hiyo inaeleweka: hakuna anayetaka kununua kesi. Lakini wengi wanalipa bila kuona plani yenyewe, na wengi wanachimba msingi bila karatasi ile ambayo ingepaswa kutoka ndani ya plani hiyo, ni kusema ruhusa ya kujenga.

Tutengeneze kwanza majina, maana yanachanganya. Arrêté ya tarehe 22 Oktoba 1988 iliita karatasi hiyo autorisation de bâtir. Arrêté ya 2013 ikaleta jina la permis de construire. Kwa mdomo watu wanasema yote mawili. Inatolewa na Urbanisme et Habitat, si na Affaires foncières, na hizo ni huduma mbili zenye kazi mbili.

Affaires foncières inajibu swali la nani. Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo wote ni mali ya Serkali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inasimama imara paka siku conservateur ameiandika kwenye certificat d'enregistrement. Barua ya mauzo yenye mashahidi, fiche ya parseli, karatasi ya chef de quartier, hata ile ya chefferie: zote zinaonyesha njia uliyopita, lakini hakuna hata moja inayoshika nafasi ya certificat. Urbanisme yenyewe inajibu maswali mengine kabisa. Pahali hapa panaweza kubeba nyumba ya namna hii? Maji ya mvua yatapita wapi? Choo kitakuwa umbali gani na kisima cha jirani? Kuta zitaacha nafasi gani kwa avenyu? Karatasi zingine zote zinaongea juu ya mtu. Ruhusa ya kujenga peke yake inalazimisha Serkali kuongea juu ya pahali.

Ninyi wachimbaji munaelewa tofauti hii kuliko watu wa ofisi. Code minier ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inasema wazi kwamba haki ya juu ya udongo si haki ya madini yaliyo chini. Mwenye certificat ya shamba hana haki ya zahabu iliyo chini ya shamba. Watu wa Kamituga wamekaa na jambo hilo maisha yao yote: mji mzima ulikomalia juu ya udongo ambao chini yake kulikuwa cheo cha kampuni, MGL, kiisha SOMINKI, kiisha Banro. Ndiyo maana mchimbaji mwenye akili, kabla ya kushusha hata ndoo moja, anauliza: carré hii ni ya nani? Iko zone ya wachimbaji wadogo ao iko ndani ya permis ya kampuni? Halafu anauliza la pili, ambalo CAMI haimjibu: mlima huu unashika ao unaanguka? Hatashuka kwa sababu tu karatasi ni safi. Ataangalia udongo, atapiga ukuta wa shimo, atauliza maji yanatokea wapi.

Mtu huyohuyo akija kujenga Uvira anasahau swali la pili. Ameshika karatasi ya parseli, roho imetulia.

Sehemu ya sababu ni sheria yenyewe. Mtu hapewi certificat ya kudumu siku ya kwanza. Anaanza na contrat de location, ambayo haipite miaka mitatu, na ndani ya muda huo anapaswa kuonyesha kwamba parseli imefanyiwa kazi: mise en valeur. Nyumba ikisimama, njo anaomba concession perpétuelle na certificat. Ni kusema contrat inamsukuma ajenge mbio. Upande mwingine, faili ya ruhusa ya kujenga inaomba karatasi za parseli ziwe tayari, pamoja na plani ya nyumba na hesabu ya gharama. Huku anaambiwa: jenga, la sivyo utapoteza. Huku anaambiwa: ngoja, leta karatasi kwanza. Kati ya "jenga" na "ngoja", mwenye feza ya Misisi mkononi anachagua "jenga". Nani angechagua vingine? Ile feza isipoingia ukutani mwezi huu, itaingia katika matanga, katika minerval ya watoto, katika deni la négociant.

Na mama ambaye bwana wake yuko mbali anaogopa pia kwamba parseli isiyo na ukuta itauzwa mara ya pili. Ukuta ni mlinzi wake. Hapo hakuna ujinga. Ni hesabu ya mtu anayejua mji wake.

Matokeo ni kwamba ruhusa ya kujenga inakuja nyuma ya nyumba. Mtumishi anapita siku kuta zimefika kwenye madirisha, anaandika chaki kwenye ukuta, kazi inasimama, watu wanaongea, feza inatoka, kazi inaendelea. Mwandishi wa mistari hii aliwahi kuomba ruhusa ya nyumba ya vyumba vitatu, katika mji ambao hatautaja. Aliyetumwa kuangalia pahali alihesabu vyumba, akahesabu tena, akaandika. Nyuma ya parseli kulikuwa korongo lenye kina cha mtu mzima. Hakuligeukia hata mara moja. Vyumba njo vinalipa, korongo halilipe.

Wenye mamlaka wakituambia kwamba raia hawapendi ruhusa, tuwajibu kwamba raia hajawahi kuonyeshwa kazi yake. Anaonyeshwa kodi. Ruhusa inayotolewa baada ya msingi haiwezi tena kusema "sogeza nyumba mita tano". Inaweza tu kusema "lipa".

Na Uvira haina nafasi ya kucheza na jambo hili. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua ilishuka milimani na mto Mulongwe ukatoka katika njia yake. Watu wengi walikufa, maelfu ya nyumba yalibomoka, makumi ya maelfu ya watu wakakosa pa kulala. Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira ni mito inayoshuka kwa kasi kutoka juu na kumwaga mawe kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na maji. Ukanda huo, mito njo iliujenga kwa mawe yao. Wakati wowote inaweza kurudi kuchukua. Wengine waliopoteza nyumba walipelekwa Kigongo, kusini ya mji, kuanza upya.

Kiisha ziwa likapanda. Tanganyika inapokea maji kutoka kila upande na ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, pale Kalemie. Mvua ikizidi kwa miaka, maji yanaingia mbio kuliko yanavyotoka. Wazee wanakumbuka maji ya 1964. Vijana watakumbuka yale ya 2020 mpaka 2024: Kalundu kwenye bandari, Kavimvira kuelekea mpaka, nyumba zenye maji mpaka kwenye madirisha, na ng'ambo Gatumba imezama. Katika nyumba hizo kulikuwa vibanda vya miti, ndiyo, lakini kulikuwa pia nyumba za matofali ya kuchoma, zenye milango ya chuma na karatasi kamili. Kwa sheria, certificat ikipita miaka miwili hakuna anayeweza kuitikisa. Hiyo ni mbele ya tribunal. Ziwa halikuomba kusoma.

Hapa kuna jambo moja ambalo wauzaji wa viwanja hawapendi kuzungumza. Watu wanahesabu umbali na ziwa: mita ngapi toka maji mpaka parseli yangu? Burundi waliandika mita 150 katika sheria yao kwa pwani ya Tanganyika. Lakini kwenye uwanda wa Ruzizi umbali unadanganya. Udongo ni tambarare kama meza. Ziwa likipanda kidogo tu, maji yanatembea mbali sana, na Ruzizi yenyewe ikijaa inakuja kukutana nayo kwa nyuma. Swali la kweli ni urefu: parseli hii iko juu ao chini ya maji yalipofika 2024? Wakaaji wa zamani wanaweza kukuonyesha kwa kidole alama kwenye ukuta. Plani ya lotissement yenye heshima ingekuwa na mstari huo umechorwa, na chini ya mstari parseli haziuzwi.

Kuna tena choo. Uvira ni kati ya miji ya Kongo ambayo kipindupindu hakijawahi kuaga. Pale ambapo mtu akichimba kidogo anapata maji, choo cha shimo na kisima vinakunywa pamoja. Parseli zikiwa ndogo na kila mtu akichimba penye kumpendeza, choo chako kiko mbali na kisima chako lakini kiko jirani kabisa na kisima cha mwenzako. Hakuna mtu mmoja anayeweza kutengeneza jambo hilo ndani ya uzio wake. Linatengenezwa na plani, na ruhusa ya kujenga njo inalisimamia nyumba kwa nyumba. Mwenye kusema ruhusa ni franga tu, aulize watoto wa uwanda wanakunywa nini.

Sasa, plani ya kweli inafanana na nini? Watoto wa wachimbaji wengi walizaliwa ndani yake bila kujua. Kampi za SOMINKI kule Kamituga, kampi za Gécamines kule Katanga, kampi za Sucrerie hapa karibu Kiliba: mistari iliyonyooka, nyumba zinazofanana, mfereji, bomba. Sukari ilisimama na vita vya 1996, nyumba zilizeeka, hata vile mtu akipita anaelewa kwamba mtu fulani alikaa chini na kalamu kabla ya tofali la kwanza. Tusipambe mambo: kampi ilikuwa na ukali wake, na ukifukuzwa kazi unafukuzwa nyumbani. Lakini mle hakuna mfanyakazi aliyetafuta ruhusa ya kujenga, sababu mwenye udongo, mwenye kuchora na mwenye kujenga alikuwa mmoja: kampuni. Mfereji ukiziba, kampuni inapoteza wafanyakazi.

Katika viwanja vipya vya leo, hao watatu wameachana. Anayeuza ni mmoja, na akimaliza kuuza anaondoka. Anayechora ni mwingine, na mara nyingi amechora tu miraba. Anayejenga ni wewe. Kamba inayowafunga pamoja ni ruhusa ya kujenga, na kamba hiyo njo imekatika.

Inchi zingine na miji mingine inajaribu kufunga tena kwa njia ya kampuni kubwa. Karibu na Lubumbashi kuna Kiswishi, mji wenye kupangwa toka mwanzo na kampuni ya Rendeavour. Kampuni hiyohiyo iko Kenya na Tatu City, kaunti ya Kiambu, nje ya Nairobi. Namna ya kazi ni hii: kampuni inapitisha plani kubwa kwa Serkali kwanza, inatengeneza barabara, maji na umeme, kiisha inauza viwanja pamoja na kanuni za ujenzi. Mnunuzi bado anahitaji kibali cha Serkali, lakini anakuja na plani ambayo tayari inajulikana. Ni miji ya wenye feza, tusijidanganye. Na hata huko mambo yanaweza kukwama: mwaka 2024 Tatu City ilisema hadharani kwamba kaunti inazuia marekebisho ya plani yake kubwa ili ipewe sehemu ya ardhi. Gavana akakana, akasema ardhi hiyo ni ya huduma za raia. Kampuni yenye mawakili inaweza kupeleka ugomvi wake kwenye magazeti. Mama wa Kavimvira, faili yake ikilala, atapeleka wapi?

Kwa hiyo mambo hayawezi kuachwa kwa mnunuzi mmoja mmoja. Décret ya urbanisme ya 20 Juni 1957, ya wakati wa Wabeleji, ilishasema kwamba mji unakuwa na plani ya jumla na plani za sehemu. Uvira, pamoja na Baraka na Kamituga, ilipewa cheo cha ville kwa amri ya 2013, hata kama utekelezaji ulichukua miaka. Ville si bango na gari ya meya. Ville inapaswa kuweza kufungua karatasi mezani na kusema: hapa pajengwe, hapa hapana, hapa ni njia ya maji. Tunadhani mahali pa kuanzia ni hapo, kabla ya kuongeza hata franga moja kwenye bei ya ruhusa: plani ya kila lotissement mpya ibandikwe komini, na numero ya arrêté iliyoipitisha, na mstari wa maji. Ukaguzi wa pahali ufanyike kabla ya msingi, si baada ya madirisha. Na kwa nyumba ndogo za vyumba viwili vitatu, ville itoe plani za mfano zilizokwisha kupitishwa, mtu achague moja, asilazimishwe kumlipa mchoraji kwa nyumba ambayo fundi yeyote wa hapa anaijua kwa kichwa.

Kuna jambo la mwisho ambalo linafanya yote haya kuwa magumu zaidi. Tarehe 16 Februari 2025 M23 iliingia Bukavu, na viongozi wa jimbo wakahamia Uvira. Tarehe 10 Desemba 2025 ikaingia Uvira yenyewe. Januari 2026 ikatoka. Kila mara watu wanakimbia, ofisi zinafungwa, na faili iliyokuwa Bukavu inabaki Bukavu. Kinshasa haitambui utawala wa M23, na mwenye karatasi iliyosainiwa chini ya utawala huo anajenga juu ya saini ambayo kesho inaweza kukataliwa. Tena, parseli ya mkimbizi ni parseli isiyo na sauti: anayerudi anakuta bornes zimehama, ao mtu anamwambia, "Mama, sisi tulinunua."

Kwa hiyo familia yenye parseli hapa ifanye kazi moja wiki hii, na haiombe feza mingi. Piga picha ya kila karatasi: barua ya mauzo, procès-verbal ya mpimaji wa kadasta, contrat de location, risiti zote. Picha moja ikae kwenye simu ya mama, ingine kwenye simu ya baba kule Misisi, kopi ya karatasi ikae kwa ndugu wa mji mwingine. Angalia tarehe kwenye contrat na uhesabu miaka mitatu itaisha lini. Kwa wale ambao hawajanunua bado, kabla ya kuhesabu feza mbele ya mashahidi, muulize muuzaji aonyeshe arrêté ya lotissement. Kiisha muende pamoja kwa Urbanisme na muulize kama numero ya parseli hiyo imo kwenye plani yao, maana muuzaji na ofisi wanaweza kuwa na plani mbili. Akisema hana muda wa kwenda, mumeshapata jibu.

Na muende siku ya mvua. Muuzaji anapenda kuonyesha parseli mwezi wa saba, wakati uwanda wote ni mkavu na kila avenyu inaonekana nzuri. Mwezi wa nne, mama atavaa bote zake, atasimama katikati ya parseli numero fulani, na ataona mwenyewe maji yanatokea wapi na yanakwenda kwa nani.